Jiko la Hipólito Lililorudi Limejaa

Yuracpampa, juu ya Caraz
10 Januari 1993

Mwanangu Nélida,

Marahaba, tena marahaba mara mbili, maana barua yako imenikuta mzima, mimi mtu ambaye nikifa leo milima yote ya hapa kwetu itabidi ifungwe. Usicheke. Wageni wakishuka kwenye basi Caraz hawaulizi barafu iko wapi. Wanauliza Eleuterio Camones yuko wapi. Kuna Mjerumani mmoja aligoma kupanda mpaka aonje supu yangu ya llunka, ile ya ngano, akakaa hotelini siku tisa analia kama mjane. Nilipompelekea bakuli akaniambia kwao nipewe sanamu. Nikamwambia sanamu haina haja, nipe soksi.

Huku hatujambo. Mama yako mdogo Primitiva anakusalimu sana. Goti linamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo. Nyumbu wangu Askofu amezeeka, siku hizi anabeba magunia mawili, tena kwa kununa. Viazi vya tokosh tumeshavizamisha kwenye shimo la mtoni, ukija vitakuwa vimeoza na kunuka vizuri.

Sabuni uliyonitumia kwa mkono wa dereva Melitón imefika. Nilipoishika tu nikasema: waridi! Nyumba nzima inanukia kama altare siku ya somo wa kijiji. Wewe unaijua pua yangu. Kutoka Yungay mpaka Huaraz, mpishi wa kambi akiwa na dumu lisilo na alama halifungui kwanza, ananiita mimi. Nanusa mara moja, nafumba macho, nasema: hii mafuta ya taa, hii benzini nyeupe, na hii imechanganywa na mwenye duka mnene mwenye jino la dhahabu. Wanakwenda kumtazama, kweli, jino la dhahabu. Hata radi iliyonipiga usoni mwaka themanini na moja ikala masharubu yangu haikuiweza pua hii.

Sasa umeniuliza habari ya jiko la kambi, lipi zuri na la kutumia nini. Nimeshangaa. Wewe unapika kantini ya shule huko La Paz, jiko la mlimani la nini? Unakwenda wapi, na juu kiasi gani? Jiko ni kama nyumbu, mwanangu. Humchagui mpaka uijue njia.

Ni mimi baba yako mdogo,
Eleuterio, Mpishi Mkuu

*

La Paz
21 Februari 1993

Shikamoo Baba Mdogo,

Natumaini goti la Mama Mdogo limepata nafuu. Mwambie asugue majani ya muña kila asubuhi. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima. Nilimwambia nakuandikia, akasema, "Haya." Nikamuuliza nikupe salamu gani, akarudia, "Haya," akaendelea kumenya viazi.

Sabuni ile ni ya mkaratusi, Baba Mdogo! Waridi ni picha iliyo kwenye karatasi yake. Nimecheka mpaka mwenzangu jikoni akaniuliza nimeokota nini. Nikamjibu pua ya baba yangu mdogo imezeeka sawa na nyumbu wake.

Sasa nikueleze ninakokwenda. Hapa tupo wanawake wanane, sote wapishi na wabebaji wa kambi, mimi kila shule inapofungwa. Miaka yote tunapanda na masufuria mpaka kambi, wageni wanakwenda kileleni, sisi tunabaki kuosha vyombo. Mwaka huu doña Saturnina, mkubwa wetu, amesema basi. Tarehe ishirini Juni tunapanda Illimani sisi wenyewe, na sketi zetu, mpaka juu kabisa. Nilimwambia, "Doña, na upepo je?" Akanijibu, "Upepo umeziona sketi nyingi kuliko wewe." Ndivyo alivyo.

Jiko wamenikabidhi mimi, kwa sababu ni binti wa Hipólito Camones. Kambi ya juu ina mita elfu tano na mia tano. Maji hakuna, ni theluji ya kuyeyusha tu. Nikikosea jiko au mafuta, watu wanane watakuwa wamekaa juu ya maji bila maji ya kunywa. Ndiyo maana nakuuliza wewe, simuulizi mwingine.

Na kuna hili. Juzi Mama amefungua sanduku lake, akatoa jiko la Baba, lile la shaba la benzini. Aliliweka mezani mbele yangu. Je, bado linafaa?

Na la mwisho, usikasirike. Baba alipokufa Yanarahu nilikuwa na miaka kumi na mitano. Uliniambia mlima ulimwita. Sasa nina ishirini na mbili, na milima nimeishi nayo. Sijausikia hata mmoja ukiita mtu. Baba alikufaje?

Mwanao,
Nélida

*

Yuracpampa
28 Machi 1993

Mwanangu Nélida,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua imekata barabara, kisha Askofu akaumwa tumbo, kisha kalamu ikaisha wino, kisha wageni wakubwa sana walikuja kutaka ushauri wangu, majina yao siruhusiwi kuyataja. Primitiva amesugua muña, goti limesikia. Dada yake amejifungua mapacha, wote wana kichwa kikubwa.

Kuhusu sabuni: mkaratusi na waridi ni mtu na binamu yake. Mwenye pua ya kawaida hawezi kujua.

Wanawake wanane kwenda Illimani na sketi! Nimewasomea watu habari hii sokoni. Mzee mmoja akasema, "Wataganda." Nikamwambia huyo mmoja ni damu ya Camones, utaganda wewe na kahawa yako hapo ulipokaa. Kwa hiyo sikiliza, maana elimu hii haipatikani shuleni, na shule mimi niliiacha darasa la tatu ili isinipunguzie akili.

Kuni na samadi kavu ya ng'ombe ni za bondeni. Huko uendako hata kwato haifiki.

Spiriti: moto wake mpole kama sala ya mtawa. Inapasha chai ya mgonjwa mmoja. Ukiyeyushia theluji ya watu wanane mtafika Krismasi.

Gesi ya mkebe ni ya bwana harusi. Safi, nyepesi, kiberiti kimoja inawaka. Lakini baridi ikiingia inazira. Unautikisa mkebe, unasikia mna kitu ndani, ila hautoi. Wenzio watalala nao kifuani ndani ya blanketi kama mtoto mchanga, na ukiisha huujazi tena, unabaki na bati. Chukua miwili ya akiba, usiiwekee roho yako yote.

Mafuta ya taa ndiyo ya watu wetu. Kila duka yapo, hayana haraka ya kulipuka. Lakini kichwa cha jiko lazima ukipashe kwanza kwa spiriti mpaka kiwe moto sawasawa, ndipo upige pampu. Ukikosa subira linakutapikia mwali usoni. Na moshi wake unakaa kwenye nywele mpaka siku ya ubatizo wa mjukuu.

Benzini nyeupe ndiyo mfalme wa barafu. Baridi haiiogopi. Theluji ndoo nzima inakuwa maji wakati wewe unafunga viatu. Ubaya wake ni hasira: usimimine karibu na moto, usipampu ndani ya hema. Na kila jiko lina mafuta yake. Jiko la benzini lina kitundu chembamba kama jicho la sindano. Ukilitilia benzini iliyochanganyika na mafuta ya taa, hata robo tu, bondeni litawaka kwa taabu, lakini ukifika juu kitundu kinajaa masizi, jiko linakohoa moshi mweusi, unalizibua kwa pini, linakohoa tena, unalizibua, halafu huko juu mtu

Hapo naishia, mkono umechoka.

Chukua jiko la benzini, jipya. La marehemu liache sandukuni. Jiko la marehemu halipikiwi, ni mila.

Na lile swali lako la mwisho nilishakujibu zamani. Mlima ulimwita.

Baba yako mdogo,
Eleuterio

*

La Paz
2 Mei 1993

Shikamoo Baba Mdogo,

Hongereni kwa mapacha. Vichwa vikubwa ni vya akili, mwambie mama yao. Sisi tunafanya mazoezi kila Jumapili. Doña Saturnina ana miaka hamsini na moja na ananiacha nyuma, halafu ananisubiri juu ya jiwe akila mahindi ya kukaanga na kuniita, "Njoo, bibi kizee, njoo."

Nimeyashika maneno yako yote. Nimenunua jiko la benzini, na mikebe miwili ya gesi ya akiba. Ahsante.

Lakini barua yako ilikatika palepale jiko lilipokuwa linakohoa.

Jiko la Baba nimelifungua. Mama alikuwa amelikaza kifuniko na kukizungushia nta ya mshumaa, miaka saba. Tangi limejaa, Baba Mdogo. Limejaa karibu na shingo. Kitundu cheusi tii, na pini imevunjikia ndani. Nimekaa nalo mapajani najiuliza: jiko likigoma huko juu hakuna maji, lakini mtu anakufaje kwa kukosa maji, amezungukwa na theluji, na tangi limejaa?

Nikamuuliza Mama. Akasema, "Nimelitunza mpaka uwe mtu mzima. Mimi nililetewa hivyo hivyo. Muulize baba yako mdogo, yeye ndiye aliyekuwa kambini." Kisha akaingia chumbani.

Nimenusa. Kama mafuta ya taa, kama siyo. Yamekaa mno, na pua yangu ni ya kantini, inajua vitunguu tu. Kwa hiyo nimempa Melitón chupa mbili za dawa ya kikohozi. Yenye uzi mwekundu ni mafuta ya jiko la Baba. Yenye uzi mweupe ni benzini niliyonunua hapa La Paz kwa ajili ya safari, kwa mtu nisiyemjua vizuri. Nusa zote mbili. Ukisema ya uzi mweupe ni safi, nitaibeba. Ukisema si safi, nitaimwaga. Roho za watu wanane nimeziweka kwenye pua yako, na sioni mahali salama zaidi.

Na ya uzi mwekundu, niambie ukweli.

Mwanao,
Nélida

*

La Paz
30 Mei 1993

Shikamoo Baba Mdogo,

Hamjambo? Melitón anasema chupa alikupa mkononi, zikiwa nzima, na kwamba ulizishika ukakaa chini bila hata kumtania. Leo ni majuma matatu.

Tunaondoka tarehe ishirini. Sijui kama unaumwa au umenikasirikia. Kama ni swali la Baba, basi liache, sitakuuliza tena. Nijibu hili la uzi mweupe tu. Neno moja linatosha.

Nélida

*

Yuracpampa
8 Juni 1993

Mwanangu Nélida,

Siumwi. Kukukasirikia ninawezaje? Primitiva anakusalimu, amesimama nyuma yangu na ameapa hataondoka mpaka nimalize. Askofu amekufa wiki iliyopita. Nimemzika na kengele yake.

Kwanza lako la haraka. Benzini ya uzi mweupe ni safi. Ibebe. Lakini usiibebe kwa sababu nimesema mimi. Kata karatasi nyeupe, dondoshea tone moja, weka kivulini, sali Baba Yetu polepole. Benzini safi inapotea yote, karatasi inabaki kama ilivyozaliwa. Ikiwa ndani mna mafuta ya taa, inabaki duara ya mafuta, haitoki hata ukiisalia rozari nzima. Fanya hivyo kila dumu, mbele ya wenzio wote, siku ya kuondoka na tena kambini. Akitokea mtu akasema ana pua, mwambie akanuse mbuzi.

Ya uzi mwekundu nimeifanyia vivyo hivyo, kwenye karatasi ya kalenda. Imebaki duara. Ni siku ya ishirini na mbili leo na bado ipo mezani. Primitiva ameifunika kwa sahani kwa sababu nilikuwa silali wala sili.

Sasa kaa chini, mwanangu.

Julai themanini na sita tulikuwa kambi ya chini ya Yanarahu. Tulikuwa na madumu mawili, la benzini na la mafuta ya taa, sawasawa kama mapacha. Askofu alikuwa amejigaragaza na mzigo mgongoni, alama zote za rangi zikafutika. Baba yako alikuwa anampeleka Mwitaliano mmoja juu, anataka kujaza jiko. Wapishi wakapiga kelele: "Mwiteni Eleuterio! Pua ije!" Nikaja na aproni yangu, natembea kama askofu mwenyewe. Wageni wakatoa kamera.

Kaka yangu hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa ameshachana karatasi kwenye daftari lake, ameishika hivi, anataka kudondoshea. Ndivyo alivyofanya siku zote. Karatasi hiyo ninayokufundisha si elimu yangu, ni yake. Mimi nikamwambia, "Hipólito, unaniaibisha mimi mdogo wako mbele ya wageni? Unataka karatasi wakati mimi nipo?" Watu wakacheka. Akanitazama. Alinijua, Nélida, alinijua tangu nanyonya, ndiye aliyekuwa akiniita debe tupu. Lakini alinipenda, hakutaka nichekwe. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Akasema, "Haya, Pua, sema wewe."

Nikanusa dumu la kwanza, nikafumba macho. Nikanusa la pili. Nikasema, "La kwanza. Benzini bikira."

Akajaza. Akanipiga begani, akaenda.

Nadhani mwenye duka alikuwa ameichanganya, au sisi wenyewe tulimimina vibaya njiani, sijui na sitajua. Najua tu kwamba karatasi ingesema. Kambi ya chini lile jiko liliwaka kwa moshi kidogo, nikasema ni uchafu, litajisafisha. Huko juu upepo uliwafungia siku nne. Mwitaliano alishuka hai, vidole vimekuwa vyeusi. Alisema jiko lilikohoa siku nzima ya kwanza, na Hipólito alilizibua mpaka pini ikakatika. Alisema maji ya mwisho yalikuwa kikombe kimoja, na Hipólito alimpa yeye, akamwambia ameshakunywa. Kisha akawa anakula theluji, na theluji haimnyweshi mtu, inamgandisha tumboni. Mimi ndiye niliyekuwa nakalimani, kwa Kiitaliano changu cha sufuria, na hayo maneno sikumfikishia mtu. Nilipofika kwa mama yako nikamwambia mlima ulimwita. Alinitazama akapokea jiko. Nilijua lilikuwa limejaa, nilisikia uzito wake mkononi njia nzima. Hakuwahi kuniuliza. Tangu siku hiyo hajanisalimia, na yuko sawa.

Miaka saba nimesema mambo makubwa ili watu wasipate nafasi ya kuniuliza dogo. Lakini ulipoandika kwamba hujaona mahali salama kuliko pua yangu, nilizishika zile chupa nikasikia tena ule uzito. Ningeweza kukuandikia, "Nimenusa, ni safi." Ni safi kweli, ningepata sifa. Halafu mwaka kesho ungenitumia nyingine.

Kwa hiyo nakwambia wewe, na Primitiva shahidi, ingawa anasema yeye alijua zamani, kwa sababu mimi ndiye mwanamume pekee wa bonde hili anayekaa karibu na tokosh bila kukunja uso.

Hakuna radi iliyonipiga mwaka themanini na moja. Lilikuwa jiko la mafuta ya taa. Nilikosa subira, nikapampu ndani ya hema kabla kichwa hakijapata moto, likanitapikia usoni. Masharubu yaliota tena. Kingine hakikurudi. Sijui supu yangu inanukiaje. Primitiva ndiye anayeniambia ikiungua. Siku ile kambini niliinama juu ya madumu mawili, na yote mawili kwangu yalikuwa hewa.

Panda salama. Beba karatasi. Mwambie mama yako, au usimwambie, utakavyoona wewe.

Na ile sabuni yako, mwanangu, sikuinusa. Niliangalia picha.

Eleuterio